Boi wa Nani

Nyuma ya reli pale Changamwe kuna yadi ya malori iliyozungushwa ua wa mabati makuukuu, na watu huiita hivyo hivyo, Yadi ya Mabati. Katika yadi hiyo tanboi, yaani msaidizi wa dereva wa lori, hawi dereva kwa sababu ana leseni. Leseni Kache Mweri alikuwa nayo, tena ya malori makubwa yenye trela, na ilikuwa imekaa mfukoni mwake miaka miwili hadi pembe zikaanza kumenyeka. Tanboi huwa dereva siku ya Ulizo.

Ulizo hufanywa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi. Tanboi husimama kichwa wazi mbele ya lori la dereva wake. Madereva waliopo humzunguka na kuuliza kwa sauti moja, "Boi wa nani?" Dereva wake hunyamaza. Huuliza tena, naye hunyamaza. Mara ya tatu hujibu, "Wangu!" Hapo humwaga kikombe cha maji juu ya gurudumu la mbele, humkabidhi boi wake ufunguo, na boi hupanda akarudisha trela nyuma kati ya mapipa mawili yaliyowekwa karibu na lango. Akipita bila kuyaangusha, ni dereva. Nani alianzisha jambo hilo hakuna ajuaye, lakini lile "wangu" si neno la mchezo. Ni dhamana. Boi akienda kupindua lori Mariakani, jina la kwanza kutajwa ni la yule aliyesema ni wake.

Na asiye na mwenyewe haulizwi.

Kache alikuwa na miaka ishirini na minane. Kwa miaka minne alikuwa tanboi wa Mutua, dereva wa makamo kutoka Kitui, mzee wa kanisa, mtu mpole asiyepiga honi ila kwa haja. Kache alifunga turubai, akakaza kamba, akatia kabari chini ya magurudumu, akabadilisha matairi juani lami ikimchoma magoti. Tangu mwaka uliopita, kila walipofika mahali penye nafasi, Mutua alikuwa akimpisha usukani. Mikono ya Kache ilikuwa imeizoea trela ile kama ilivyozoea mbuzi ya kukunia nazi.

Kwa hiyo Jumatatu ya wiki ya Ulizo, walipokuwa wamepanga foleni Bamburi wakingoja kupakia saruji, aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Mzee Mutua, Jumamosi utanisemea?"

Mutua alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi.

"Kache, mwanangu," alisema mwishowe. "Jambo hili nimeliombea."

"Ukaambiwaje?"

"Usinicheke. Wewe unawajua wale. Nikisimama mbele ya wanaume sitini nikasema huyu mwanamke ni wangu, neno hilo litafika nyumbani kabla yangu. Juzi tu mtu alimpigia simu Dorothy, akamuuliza kama mumewe bado analala njiani na boi wake. Akacheka, akakata. Dorothy hakucheka."

Kache alimjua Dorothy, mke wa Mutua. Alikuwa amekula chapati zake Krismasi mbili, na mara zote mbili Dorothy alimfungia nyingine za kubeba. Moyo ukamwuma kidogo. Lakini haukumwuma kiasi cha kunyamaza.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimefikiri hivi. Nitasema wewe ni binti yangu. Hilo watalimeza."

"Baba yangu yuko Kaloleni, mzima, anapalilia mihogo. Nikupe wewe ubaba wake ili nipewe lori?"

"Ni neno tu, mwanangu."

"Na hilo 'wangu' si neno tu? Mbona limekushinda?"

Foleni ikasogea. Mutua akatia gia, akaifuata.

Ukweli ni kwamba Kache hakuwa na hamu na neno lenyewe. Baba yake, mzee Mweri, alikuwa shamba boi katika hoteli moja ya ufukweni kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa kijana wa kuoa. Alitoka akiwa na wajukuu watatu na mvi hadi kwenye nyusi, na kadi yake ya kazi bado inasema boi. Wenzake waliouza vinyago kule chini mchangani, wanaume wa miaka hamsini wenye mabinti walioolewa, waliitwa bichi boi. Siku moja Kache, akiwa na miaka saba, alitumwa hotelini kumpa baba yake ujumbe kwamba nyumbani kuna msiba. Alipokuwa anamkaribia, kitoto cha mgeni kilichosimama kando ya bwawa kilipaza sauti, "Boy!" Mpira wake ulikuwa umeingia kwenye maua. Baba yake akakimbia. Alivua kofia, akakimbia. Kache hakuwa amewahi kumwona baba yake akikimbia, na hajamwona tena tangu hapo.

Jumanne wakati wa chai, nje ya lango, kwa Mama Pascalia anayeuza mahamri na mbaazi, Kache alisema wazi kwamba Jumamosi atasimama, awe na mwenyewe au asiwe naye.

Oduor, dereva mwenye mdomo mrefu kuliko trela yake, alikaribia kupaliwa.

"Dadangu, hebu tusaidiane. Utaulizwaje boi wa nani, na boi mwenyewe huna?"

Benchi zima likaangua kicheko. Kache akachovya hamri lake.

"Nimetengeneza breki zako mara mbili, Oduor. Ulipokuwa chini ya lori unalia, hukuniuliza nina nini."

"Wacha hizo! Mimi nilikuwa nashika tochi!"

"Ulikuwa unaishika kwa machozi."

Kicheko kikamgeukia Oduor. Yeye mwenyewe alicheka, kisha akajitetea kwamba boi si tusi. "Mimi na Lenox tunaitana boi kila siku. 'Niaje, boi yangu.' Ni mapenzi hayo."

"Na tanboi ni heshima," alidakia dereva mmoja. "Zamani lori liliwashwa kwa chuma, unakizungusha mbele hadi mgongo unalia. Aliyezungusha ndiye tanboi. Bila yeye hakuna safari."

"Uongo," alibisha mwingine. "Tanboi ni yule anayekuonyesha wapi pa kukata kona."

Mzee Randu, bawabu wa lango, alikuwa amesimama na kikombe chake kwa sababu kiti chake hakiruhusiwi kukaa wazi na yeye haruhusiwi kukaa mbali nacho. "Marehemu baba alikuwa boi Kilifi, kwa Mzungu wa katani," alisema. "Hakuzungusha chuma wala hakuonyesha kona. Bwana alipaza sauti tu, na yeyote aliyefika mbio, ndiye boi. Hata mpishi. Hata dobi. Kulikuwa na maboi sita nyumba ile, na mdogo wao alikuwa babu."

Phoebe, karani wa ofisi, alikuwa ameketi pembeni kabisa ya benchi na simu mkononi. Alikuwa msichana wa maneno machache ambaye akiongea watu humwomba arudie.

"Hapa kamusi inasema," alianza, "kwamba neno lenyewe, kwa Kiingereza, lilianza kwa maana ya mtumishi. Mtumishi, au mtu duni. Maana ya mtoto wa kiume ilikuja baadaye."

"Lilitoka wapi?" aliuliza Kache.

Phoebe alishusha macho kwenye simu. "Hawana hakika. Wako wanaokisia lilitoka kwenye neno la kale la pingu, zile za kufunga miguu. Wengine wanabisha. Wanasema huenda lilikuwa jina la mtu tu, zamani sana."

"Yaani wenyewe hawajui?"

"Hawajui."

Kache akakung'uta makombo mapajani. "Basi ni kama shati la mtumba la Kongowea. Limevaliwa na nani, nani alifia ndani yake, hakuna ajuaye, nasi tunalitia mwilini bila kulifua."

"Lakini likikukaa vizuri?" alisema Oduor.

"Wewe limekukaa. Mimi linanibana."

Alhamisi alikwenda ofisini. Justus, meneja wa yadi, hakuwa mtu mbaya. Alipenda vitu vikae mahali pake, kalamu kwa kalamu, lori kwa lori, na alikuwa amepanda kutoka utanboi hadi kiti kile bila kumruka mtu.

"Jina lako siwezi kuliandika, Kache. Fomu inataka jina la boi na jina la mwenye boi. Mutua amekataa kutia sahihi. Tafuta mwingine. Madereva sitini, umekosa mmoja?"

"Sitafuti mwenyewe, bosi. Natafuta kazi."

"Mimi nilisimama pale nje nikaulizwa, mvua inaninyeshea. Sikufa. Kanuni ni kanuni."

"Na siku ile uliulizwa kama unajua kuendesha?"

Justus akasogeza kalamu iliyokuwa tayari mahali pake. "Funga mlango ukitoka," alisema.

Jumamosi ilifika na jua lake. Mapipa mawili yalipangwa, na madereva wakajipanga kwenye kivuli cha mabati. Siku hiyo kulikuwa na mmoja tu wa kuulizwa, Lenox, tanboi wa Oduor, mwanamume wa karibu miaka arubaini aliyengoja miaka tisa. Alisimama kichwa wazi huku jasho likimtiririka.

"Boi wa nani?"

Kimya.

"Boi wa nani?"

Kimya, na Oduor akijifanya anatafuta kitu mfukoni, watu wakicheka.

"Boi wa nani?"

"Wangu!" Oduor alinguruma, akamwaga maji. Lenox akapanda. Alirudi nyuma vizuri hadi katikati, kisha trela ikaponyoka. Pipa la kushoto likagongwa, likainama, likarudi likasimama kama mlevi aliyeikumbuka njia. Wakampigia makofi. Halikuanguka, na kilichotakiwa ni lisianguke. Kache naye alipiga makofi. Miaka tisa si haba.

"Haya, tumemaliza," alisema Justus.

"Bado mimi," alisema Kache.

Hakungoja jibu. Alikata uwanja hadi alipokuwa Mutua, akanyoosha mkono.

"Mzee Mutua, naomba ufunguo."

"Wa nini?"

"Wa lori."

Mutua aliutazama ule ufunguo kiganjani kana kwamba ameuokota njiani. Alimtazama Justus, akatazama chini. Kisha akaudondosha mkononi mwa Kache. Hakusema wangu, hakumwaga maji.

Kache alipanda, akawasha, akalisogeza lori taratibu hadi kwenye mstari wa chokaa. Hapo akasimamisha, kichwa cha lori kimeikata njia ya lango kama kila anayeulizwa anavyofanya. Nyuma ya ua wa ndani malori manne yalikuwa yamepakiwa tayari, yakingojewa bandarini. Alishusha kioo.

Ni Oduor aliyeanza, kwa mzaha, mikono kiunoni. "Boi wa naaani?"

Wakamfuata. "Boi wa nani?" Mara ya pili ilikuwa na vicheko na miluzi. Mara ya tatu vicheko vilipungua, kwa sababu watu waligeuka kumtazama Mutua, na Mutua alikuwa anatazama viatu vyake.

Kache alitoa kichwa dirishani.

"Mmeuliza mara tatu," alisema. "Hakuna aliyejibu, kwa sababu huyo mnayemwuliza hayupo humu. Ulizeni lingine."

"Shuka!" Justus alikuwa amefika mlangoni. "Shuka sasa hivi, unaziba lango!"

"Nitalizibua, bosi. Kwa kurudi nyuma, kati ya mapipa."

"Mutua! Panda uondoe lori lako."

Mutua aliinua kichwa. "Leo ni mapumziko yangu, bosi," alisema kwa upole ule ule wa kanisani. "Nimekuja kutazama tu."

"Oduor!"

Oduor akarudi nyuma hatua mbili. "Lori la mwenzangu? Bila kukabidhiwa? Hapana, bosi. Hilo hata mama yangu angenikataza."

Na ni kweli, katika yadi ile dereva hagusi lori la mwenziwe bila kukabidhiwa na mwenyewe. Sauti moja ikatoka kivulini, imemwiga Justus barabara: "Kanuni ni kanuni!" Yadi nzima ikalipuka. Ndani ya ua honi ya kwanza ikalia, ikafuatwa na ya pili.

Justus alikanyaga ngazi ya lori, akasogeza uso dirishani. Alisema kwa sauti ya chini, "Kache. Unataka nini hasa?"

"Kuulizwa."

"Kuulizwa nini, na umekataa kuulizwa?"

"Jina langu, bosi. Na kama kazi naiweza. Nikiangusha pipa, nitashuka mwenyewe, Jumatatu nitafunga turubai na sitalitaja tena. Lakini sitashuka kwa sababu sina mwenyewe."

"Na ukipindua lori Mariakani? Nimkamate nani?"

"Mimi. Nani tena alikuwa ndani?"

Honi ya tatu. Justus aliteremka, akajipangusa mikono. Alisema kama mtu atemaye kokwa, "Wewe ni nani?"

"Sikusikia, bosi. Injini inanguruma."

Watu wakashika vinywa. Justus akavuta pumzi, na safari hii alipaza sauti, na Mzee Randu kule langoni akapaza pamoja naye, na mwingine, na mwingine, bila kupangana: "Wewe ni nani?"

"Kache Mweri! Tanboi miaka minne. Dereva tangu leo, mapipa yakisimama."

Kurudisha trela nyuma kunataka mtu wa kusimama kule mwisho na kuongoza kwa mkono. Kwa desturi husimama tanboi mwingine. Kache alitazama kioo cha kushoto, akatazama cha kulia. Tanboi walikuwepo zaidi ya kumi, wamejibanza kwenye mabati, kila mmoja akimtazama dereva wake kuona kama ataruhusiwa. Hakuna aliyejitokeza.

Aliyejitokeza alikuwa Mutua. Alitembea polepole, suruali yake ya Jumamosi imepigwa pasi, akapita mapipa, akasimama mwisho wa njia. Akainua mkono mmoja.

"Mutua!" mtu alimpigia kelele. "Sasa wewe ndiye boi wa nani?"

Mutua hakugeuka. Aliuzungusha mkono wake hewani: njoo.

Kache akatia rivasi. Trela ni mnyama mkaidi. Ukimpeleka kushoto huenda kulia, na ukimharakisha hukunja shingo. Alikata usukani kidogo, akaurudisha, akaliacha lori lijisemee. Kioo cha kushoto: pipa, kisha unene wa kiganja, kisha ubavu wa trela. Kioo cha kulia: jua tupu. Jua lilikuwa limemwangukia machoni na pipa halionekani. Mkono wa Mutua ukasimama. Kache akakanyaga breki. Kanuni inaruhusu kuvuta mbele mara moja, na watu huona aibu kuitumia, yeye hakuona. Alivuta mbele, akanyoosha shingo ya trela, akapumua, akarudi tena.

Alipita. Alijua amepita kwa sababu Mutua alikuwa ameshusha mkono na anaondoka kwenda kununua soda, kana kwamba shughuli ilikuwa yake.

Makofi yalianza kwa Lenox. Hayakuwa ya wote. Wako waliokunja mikono, na mmoja alitema mate, akatoka. Malori manne yalipita langoni kwa honi, na haikujulikana kama ni za hasira au za harusi.

Justus alirudi na fomu, Phoebe nyuma yake na kalamu. "Zima lori, ushuke utie sahihi."

Kache aliiacha injini iendelee. "Isome kwanza, Phoebe."

"Jina la boi," alisoma Phoebe. "Jina la mwenye boi."

"Sitii."

"Kache," alisema Justus, "umeshapata ulichotaka. Hiyo ni karatasi."

"Baba yangu aliondoka kazini na karatasi, bosi. Naijua."

Phoebe alimtazama Justus. Uso wa msichana ulikuwa umeiva kwa haya, lakini alisema, na safari hii hakuna aliyemwomba arudie: "Naweza kukata hiyo mistari. Niandike, dereva: Kache Mweri. Basi."

Justus alitazama anga, kisha akatazama foleni yake iliyochelewa. "Andika," alisema. "Halafu Jumatatu mpe lori namba kumi na saba."

Kivulini mtu alicheka kwa sauti. Namba kumi na saba lilikuwa limelala nyuma ya gereji tangu Pasaka, klachi nzito, kiti kimetoboka, halina kioo cha kulia. Hakuna dereva aliyelitaka, na kila mmoja alikuwa na sababu yake.

"Lile lisilo na kioo?" aliuliza Kache.

"Hilo hilo."

Alizima injini. Aliteremka ngazi moja moja, akachukua kalamu, akaegemeza fomu kwenye mlango wa lori na kuandika jina lake kwa herufi kubwa, hadi likatoka nje ya mstari.

"Nitakuja na kioo," alisema.